Ujira wa Kungoja





Kila Jumatatu, baada ya Misa ya asubuhi, hupita mbele ya geti la kiwanda kimoja nikielekea kwenye kigango chetu. Jua linapochomoza, vijana hamsini au sitini huwa wamekwisha kufika. Wengine wameketi juu ya mawe, wengine wamesimama wakiegemea ukuta, kila mmoja na mfuko wenye nguo za kazi. Hatimaye msimamizi hutoka na kunyoosha kidole: wewe, na wewe, na wewe. Walioteuliwa huingia. Waliobaki hawaondoki mara moja. Hungoja mpaka saa nne hivi, maana huenda mmoja wa walioingia akashindwa kazi au lori la pili likaja. Baada ya hapo hutawanyika na kurudi nyumbani kwa miguu.

Nilipita hapo miaka mingi bila kujiuliza swali lililo wazi. Kiwanda kinawahitaji vijana wale wote wawepo, hata wasioteuliwa, kwa sababu hakijui asubuhi hiyo kitahitaji watu wangapi. Basi zile saa za kungoja, nani anazilipia?

Juma hili nawaomba tuifuate historia ya swali hilo. Tukisikia juu ya ajira zisizo na uhakika, mikataba ya miezi mitatu mitatu na kazi za kuitwa kwa simu, tunadhani ni mambo mapya yaliyoletwa na utandawazi. Sivyo. Geti lile ni la kale sana, na wako waliokwisha kupigana nalo. Tukijua walishinda nini na walishindwa nini, huenda tukaona vizuri zaidi wajibu wetu.

Neno lenyewe

Lugha yetu ina neno la kale kwa kazi ya namna hii: kibarua. Asili yake ni barua. Kibarua ni barua ndogo, kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuwa ushahidi wa kazi ya siku ile. Baadaye jina la karatasi likahamia kwa mtu mwenyewe.

Wanahistoria wa pwani yetu wanatuonyesha jambo ambalo wengi hatulijui. Katika karne ya 19, kule Unguja na Mombasa, wengi wa walioitwa vibarua walikuwa watumwa. Bwana ambaye hakuwa na kazi ya kuwapa kila siku aliwaachia waende mjini wakajikodishe, wabebe mizigo ya majahazi au wasafishe sandarusi katika maghala ya wafanyabiashara. Jioni walimletea sehemu ya ujira wao. Kwa njia hiyo bwana alipata faida ya kazi pasipo taabu ya kuitafuta. Taabu ya kutafuta na kungoja ilikuwa juu ya mtumwa.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Desturi ya kumkodi mtu kwa siku moja haikufutwa, wala neno lake halikufutwa. Tunalo mpaka leo.

Geti la London

Wakati huo huo, pembe za ndovu zilizopakiwa Unguja zilikuwa zikipakuliwa London, mji mkuu wa dola iliyokuja kututawala. Wapakuzi wa London nao walikuwa vibarua. Walikusanyika nje ya mageti ya bandari asubuhi, wakachaguliwa na wasimamizi kwa kunyooshewa kidole, na waliokosa walirudi tena mchana kujaribu bahati yao. Mmoja wa viongozi wao, Ben Tillett, alieleza jinsi watu wenye njaa walivyosukumana na kukanyagana katika mahali pa kuchaguliwa, ambapo alipafananisha na kizimba. Ujira ulikuwa peni tano kwa saa, na mtu aliweza kuchukuliwa kwa saa moja tu, kisha akaambiwa aende zake.

Tarehe 14 Agosti 1889 watu hao waligoma. Katika siku chache mgomo ulienea bandari nzima, hata ukagusa watu wapatao laki moja. Madai yao yalikuwa machache: peni sita kwa saa badala ya tano, peni nane kwa saa za ziada, na kwamba mtu akiitwa kazini, asiitwe kwa muda usiofika saa nne. Naomba tulitazame hilo la tatu. Fedha ya ziada ni jambo jepesi kulielewa. Dai la saa nne lilikuwa na maana nyingine: mwajiri akimtoa mtu getini, amkiri kwamba mtu huyo ametoa asubuhi yake, wala si dakika zile tu ambazo gunia lilikuwa begani.

Mgomo ulidumu mwezi mmoja. Njaa iliingia katika nyumba za wagomaji, nao walisaidiwa sana na michango iliyotoka Australia, pauni zipatazo 30,000. Hapo ndipo alipojitokeza mzee mmoja wa miaka 81, Kardinali Henry Edward Manning, Askofu Mkuu wa Westminster. Hakuwa mtoto wa maskini. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa visiwa vya West Indies na aliwahi kuwa Gavana wa Benki ya Uingereza. Lakini wengi wa wapakuzi walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland, waamini wake mwenyewe, naye aliwafahamu.

Kardinali Manning alikwenda kwa wakurugenzi wa bandari, akaenda kwa viongozi wa wagomaji, akarudi tena kwa wakurugenzi. Waajiri walikuwa tayari kulipa peni sita, ila kuanzia mwaka mpya. Wagomaji walizitaka mara moja. Mzee yule aliketi na kamati ya wagomaji katika shule ya Kikatoliki mtaani Poplar, akazungumza nao mpaka wakakubali tarehe ya katikati, yaani 4 Novemba. Mapatano yalifikiwa tarehe 14 Septemba. Peni sita zilipatikana, na vilevile ile kanuni kwamba anayeitwa kazini asiondoke na chini ya shilingi mbili, ambazo ni ujira wa saa nne.

Miezi ishirini baadaye, tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa waraka wake juu ya hali ya wafanyakazi, Rerum Novarum. Katika waraka huo alikanusha wazo lililokuwa na nguvu sana siku zile, kwamba ujira wowote ni wa haki mradi pande mbili zimekubaliana. Mtu anayekubali masharti magumu kwa sababu njaa inamlazimisha, alifundisha Papa, hakukubali kwa hiari. Ametendewa nguvu, na haki imevunjwa. Nikiwasoma wale wa geti la London, naelewa vizuri zaidi kwa nini maneno hayo yalihitaji kusemwa.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kushangilia. Mgomo wa 1889 ulipandisha ujira, lakini haukuliondoa geti. Kesho yake watu walisimama pale pale wakingoja kidole. Mwaka 1920 kiongozi mwingine wa wafanyakazi, Ernest Bevin, alifika mbele ya tume ya uchunguzi mjini London akiwa na sahani za chakula, akawaonyesha wajumbe kile kipande kidogo cha nyama na cha samaki ambacho mpakuzi angekula kwa ujira uliopendekezwa, akawauliza kama wangeweza kubeba magunia siku nzima kwa chakula hicho. Ilipita miaka mingine mingi kabla ya geti kuguswa. Nitarudi huko.

Kilindini na shamba la nyuma

Tuje sasa pwani ya kwetu. Waingereza walipojenga gati za maji marefu Kilindini, Mombasa, katika miaka ya 1920, waliendesha bandari kwa utaratibu wanaoufahamu: makuli wa kutwa, wanaochaguliwa kila siku kulingana na meli zilizoingia.

Lakini Mombasa ina fundisho ambalo London haina. Mwanahistoria Frederick Cooper, aliyeandika kitabu kizima juu ya makuli wa bandari hiyo, anaonyesha kwamba kwa muda mrefu wengi wao waliupenda ukibarua kuliko ajira ya mwezi. Malipo ya siku yalikuwa mazuri kuliko ya watu wa mshahara. Tena wengi walitoka vijiji vya Wamijikenda vilivyo karibu, wakiwa na mashamba na minazi. Mtu alikwenda bandarini siku alizotaka, akapata fedha ya kodi na ya nguo, kisha akarudi kulima. Waajiri walinung'unika kwamba watu hao hawatawaliki. Naam, hawakutawalika kwa sababu waliweza kukataa.

Kwa hiyo kazi ya kutwa, yenyewe peke yake, si lazima iwe uonevu. Aliyekuwa na shamba nyuma yake alingoja meli bila hofu, kwa kuwa kungoja kwake kulilipiwa na muhogo na nazi. Lakini mji ulikua. Waliingia watu kutoka bara ambao shamba lao lilikuwa mamia ya maili kutoka pale, au hawakuwa nalo kabisa. Kodi za vyumba zilipanda, na wakati wa Vita Kuu ya Pili bei za vyakula zilipanda zaidi. Kazi ilikuwa ile ile na geti lile lile, ila sasa siku bila kazi ilikuwa siku bila chakula.

Migomo ilianza. Mwaka 1939 waligoma wafanyakazi wa Mombasa kwa sababu ya kodi za nyumba na ujira, makuli wakiwemo. Tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ulisimama: bandari, reli, mahoteli, hata watumishi wa majumbani, watu wapatao 15,000. Walikutana kila siku katika uwanja wa mpira, wakauita Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulikwisha baada ya siku kumi na mbili, na serikali iliunda baraza la kusikiliza madai, ambalo liliongeza malipo. Kiongozi aliyejitokeza, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka huo huo na kupelekwa kizuizini mbali na pwani.

Mwezi Septemba 1947 ilikuwa zamu ya Dar es Salaam yetu. Makuli walianza, na mgomo ukafuata reli ya kati kuelekea miji ya bara. Mwaka 1948 Unguja nayo iligoma, ikianzia bandarini. Waliosoma riwaya ya Shafi Adam Shafi iitwayo Kuli, iliyotolewa mwaka 1979, wanakumbuka mgomo huo. Wazee wetu wa Kurasini na Temeke walikuwa na wazazi walioshiriki migomo ya bandari. Waulizeni wangali hai.

Mwaka 1947, pande mbili za bahari

Nimesema nitarudi London. Mwaka ule ule wa 1947, makuli wa Mombasa na Dar es Salaam walipokuwa wakigoma, Uingereza ilianzisha mpango wa taifa wa wafanyakazi wa bandari. Kila mpakuzi aliandikishwa katika daftari. Wasioandikishwa hawakuruhusiwa kuchukuliwa. Na jambo la maana kuliko yote: aliyeandikishwa akifika asubuhi na kukosa kazi, alilipwa fedha ya kuhudhuria. Kiasi chake hakikuwa kikubwa. Lakini jamii nzima ilikiri kwamba mtu aliyeamka, akaja, akasimama tayari, ametoa kitu. Gharama ya kungoja, ambayo kwa vizazi vyote ilibebwa na familia ya mpakuzi, sasa ilichangiwa na wale waliofaidika na kungoja kwake.

Katika makoloni mabadiliko yalikuja taratibu na kwa namna yake. Mombasa serikali ilianza kuandikisha makuli tangu miaka ya vita, na katika miaka ya 1950 ikapunguza idadi yao na kuwadai wafike mara kwa mara, la sivyo majina yafutwe. Mwaka 1954 tume iliyoongozwa na Carpenter ilipendekeza kwamba mfanyakazi wa Kiafrika mjini Kenya alipwe ujira unaotosha kulisha familia, si wa kumtosha kijana mseja tu. Mwezi Machi 1955 makuli waligoma tena, na kijana Tom Mboya akasaidia kuleta mapatano. Waliobaki ndani ya daftari walipata hali bora kuliko baba zao. Walioachwa nje walikwenda kusimama mbele ya mageti mengine. Hilo nalo tusilisahau: ulinzi wa kazi ukiwekewa ukuta, ndani ya ukuta ni salama, na nje ya ukuta foleni inarefuka.

Baada ya uhuru, Tanganyika ilipitisha mwaka 1964 sheria ya usalama wa ajira, ili mwajiri asimfukuze mtu kwa hasira ya siku moja. Kauli ya Uhuru na Kazi ilikuwa bado masikioni. Kizazi cha wazazi wangu kiliamini kwamba mtu akishapata kazi kiwandani au katika shirika la umma, ameipata mpaka kustaafu.

Imani hiyo ilivunjika. Mwaka 1986 nchi yetu ilifikia mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na katika miaka ya 1990 mashirika ya umma yakauzwa au kufungwa. Neno lililoingia majumbani mwetu lilikuwa kupunguzwa. Baba amepunguzwa. Shangazi amepunguzwa. Mashirika mengi yalikuwa yakipata hasara kweli, na si haki kuficha hilo. Lakini waliopunguzwa hawakuacha kuwa na watoto.

Huko Uingereza nako mambo yaligeuka. Makontena yalifanya kazi ya watu mia ifanywe na winchi moja na watu wachache. Bandari za kale za London zilifungwa moja baada ya nyingine, na mahali zilipokuwa bandari za West India leo pamesimama maghorofa ya mabenki ya Canary Wharf. Mwaka 1989, karne moja kamili tangu mgomo wa wapakuzi, bunge la Uingereza liliufuta mpango wa 1947.

Geti lililoingia katika simu

Leo tuko wapi? Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 2018 hesabu yake kwamba watu bilioni mbili, zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi duniani, wako katika ajira isiyo rasmi. Barani Afrika ni zaidi ya asilimia 85. Kwetu hiyo ndiyo hali ya kawaida, wala si pembezoni. Hao ni mama lishe, fundi ujenzi, mpagazi wa sokoni, kijana wa bodaboda. Katika nchi tajiri, ambako watu walidhani wamekwisha kulisahau geti, limerudi likiwa ndani ya simu. Dereva huwasha programu, na kukaa barabarani akingoja iite.

Na jambo la kutia moyo limetokea London ile ile. Tarehe 19 Februari 2021 Mahakama Kuu ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la madereva wa Uber. Kampuni ilidai kwamba dereva yuko kazini pale tu anapombeba abiria. Mahakama ilikataa. Iliamua kwamba dereva aliyewasha programu, akiwa katika eneo lake na tayari kupokea safari, yuko kazini. Majaji hawakuwa wakitoa mahubiri, walikuwa wakisoma sheria. Lakini wapakuzi wa 1889 wangeelewa hukumu hiyo bila kutafsiriwa.

Majirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya ajira ya mwaka 2007, waliweka kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa wa kutwa. Sheria kama hizo ni njema. Ila mtu mwenye hofu ya kutochaguliwa kesho hathubutu kuitaja sheria leo.

Sisi mapadre tunaona matokeo ya hofu hiyo mahali ambapo wachumi hawafiki. Kijana mmoja wa parokia yetu ameahirisha kufunga ndoa mara tatu. Nilimkaripia kidogo, nikidhani ni ulegevu. Akanijibu kwa heshima: "Padre, mkataba wangu ni wa miezi mitatu. Huu ni wa kumi na tisa. Nimwambie mkwe wangu nini?" Sikuwa na la kusema. Papa Benedikto XVI aliandika mwaka 2009, katika waraka wake Caritas in Veritate, kwamba kutokuwa na uhakika wa kazi kunapodumu, watu hushindwa kupanga maisha yao, ndoa ikiwemo. Na Papa Leo XIV, alipochaguliwa mwezi Mei 2025, alieleza kwamba alilichukua jina hilo hasa kwa kumkumbuka Leo XIII na waraka wake wa 1891, kwa kuwa akili bandia inaleta upya maswali juu ya haki na heshima ya kazi.

Sisi na geti letu

Wapendwa, ni rahisi kusoma haya yote na kuwanyooshea kidole wenye viwanda. Naomba tuanze karibu zaidi.

Wengi wetu katika parokia hii tunamiliki pikipiki, bajaji au daladala, na kila jioni tunangoja hesabu. Kijana akipata abiria wengi, hesabu ni ile ile. Akikosa, hesabu ni ile ile. Akiugua, hesabu ni ile ile. Simlinganishi mtu huru na mtumwa, wala mwenye pikipiki na bwana wa watumwa. Lakini nilipokuwa nikiandika juu ya wale waliokwenda mjini kujikodisha na jioni wakaleta sehemu, nilisitisha kalamu nikawafikiria ninyi. Mwenye chombo naye ana hasara zake, najua: matairi, bima, deni la benki. Swali langu ni hili tu: siku mbaya ikija, je, inabebwa na wawili au na mmoja?

Nami sijakaa nje ya swali hilo. Tulipokuwa tukijenga ukumbi wa parokia, niliwaita vibarua wanane waje saa kumi na mbili asubuhi kumwaga zege. Lori la saruji halikuja. Wakangoja chini ya mwembe mpaka saa saba, kwa sababu niliwaambia wasiondoke. Saa saba nikatoka nikawaambia kazi haipo, waje kesho. Nikawapa maji na baraka. Mmoja wao, mtu mzima kuliko mimi, alisema, "Asante Baba," akachukua koleo lake akaenda. Nilikula chakula cha mchana bila shida yoyote. Jambo hilo lilinirudia miezi mingi baadaye, siku niliyojiandaa kuhubiri juu ya Mathayo 20.

Mnaifahamu Injili hiyo, husomwa Dominika ya 25 ya Mwaka A. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri, anatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja, kwa hesabu ile ile ya saa tunayotumia sisi Waswahili. Kila mara anakuta watu sokoni. Wale wa saa kumi na moja anawauliza sababu ya kusimama pale kutwa, nao wanamweleza kwamba hakuna aliyewaajiri. Jioni anawalipa dinari nzima, sawa na wale wa alfajiri. Tumezoea kuhubiri kwamba hiyo ni neema isiyopimwa, na ndivyo ilivyo. Lakini niliposoma siku ile niliona pia kwamba wale watu hawakuwa wamelala nyumbani. Walikuwa sokoni tangu asubuhi, tayari, juani. Mwenye shamba aliwalipa saa moja ya kupalilia na saa kumi na moja za kungoja. Watoto wao walihitaji dinari moja kama watoto wa wengine.

Niliwapelekea jambo hili wajumbe wa halmashauri ya walei. Tulibishana, maana mfuko wa ujenzi si mkubwa. Mweka hazina aliuliza, kwa haki kabisa, fedha zitatoka wapi. Mwishoni tulikubaliana kanuni moja fupi, nayo imebandikwa mlangoni mwa ofisi: yeyote atakayeitwa na parokia kwa kazi ya kutwa, akafika kwa wakati na kukuta kazi haipo, atalipwa nusu ya siku. Tangu hapo tumelipa nusu hizo mara sita. Tumejifunza pia kumpigia simu mwenye lori jioni kabla ya kuwaita watu, jambo ambalo hatukuwahi kulifanya wakati kungoja kulikuwa bure kwetu.

Wale wanane wa siku ya lori nilifanikiwa kuwapata saba, nikawalipa. Yule mtu mzima bado sijampata. Nimeambiwa alihamia upande wa Mbagala. Kama yuko anayemfahamu fundi mwenye umri mkubwa aliyefanya kazi kwetu wakati wa zege la ukumbi, nawaombeni mmwambie kwamba ujira wake upo ofisini, katika bahasha, na kwamba Padre anamtaka radhi.

Nawatakieni juma jema. Mungu azibariki kazi za mikono yenu, na awabariki pia wanaongoja.

Padre wenu Paroko